Tajiri Amekufa, Utingo Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa, maana mhakiki asiyejihakiki mwenyewe ni kama kinyozi mwenye nywele timtim.

Jumamosi moja kikundi chetu cha waandishi chipukizi kilikutana kama kawaida katika darasa tunaloazimwa, na zamu ya kusoma ikawa yangu. Nilisoma hadithi fupi niliyoipa jina "Mali Bila Daftari". Inahusu tajiri wa Tanga mwenye mabasi thelathini, majengo mawili ya ghorofa na shamba la mkonge. Tajiri anakufa, mwanawe wa pekee anarithi kila kitu. Kijana mwenyewe ni mtoto wa geti kali, hajawahi hata siku moja kugombania daladala. Miaka mitatu haijaisha, kashamaliza yote: pombe, kamari, wanawake na marafiki wa msimu. Ukurasa wa mwisho kalala mtaroni na mvua inamnyeshea. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema dhamira imejitokeza barabara. Nami, sitaficha, kichwa kikavimba kidogo.

Basi dada mmoja fundi cherehani, ambaye si msemaji sana, akanyoosha mkono. "Kaka, hadithi ni nzuri. Ila yule utingo alikwenda wapi?"

Nikamwuliza utingo yupi.

"Ukurasa wa sita. Umeandika kwamba mabasi yaliuzwa, na utingo mmoja akashuka na begi lake. Basi, sikumwona tena. Mrithi umempa kurasa kumi na mbili anywe bia. Utingo aliyefanya kazi miaka kumi na tano umempa mstari mmoja."

Nikajitetea kwamba hadithi fupi haiwezi kubeba kila mtu. Akacheka. "Sawa kaka, lakini wa kumbeba ulimchagua wewe."

Makala hii imetokana na swali lile. Nataka kuuliza kama tajiri mkubwa, yule mwenye mali ambayo hata akiila miaka mia haitaisha, awaachie watoto wake mali yote. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kalamu, nataka kuuliza pia fasihi tunayoisoma na kuiandika imelijibuje swali hilo. Nikiri mapema kwamba nimegundua wengi wetu hatulijibu. Tunamleta mlevi, tunampiga, halafu tunakwenda kulala.

Ukiipitia miswada inayosomwa katika kikundi chetu, yangu ikiwemo, utamkuta mlevi huyo kila mahali. Baba kachuma kwa jasho, mtoto kachezea. Wakati mwingine ni wa kiume na gari jekundu, wakati mwingine ni wa kike na hawara aliyemzidi ujanja. Mwisho ni ule ule. Tunaupenda kwa sababu unatuliza roho. Sisi walalahoi tunapopita nje ya ukuta wenye vigae vya chupa juu, tunajiambia: subiri, vitaisha hivyo. Hadithi inatuahidi kwamba haki haihitaji sheria wala vyama vya wafanyakazi. Inahitaji tu mjukuu mjinga.

Lakini je, ni kweli? Wapo matajiri ambao hadithi hiyo inawafaa, angalau nusu. Cornelius Vanderbilt wa Marekani, mtu wa meli na reli, alipokufa mwaka 1877 aliacha karibu dola milioni 100, na sehemu kubwa kabisa akamwachia mwanawe William Henry. Katika ngano zetu William Henry angekuwa mtaroni baada ya miaka mitatu. Kumbe bwana huyo aliikaribisha mali ile mara mbili kabla ya kufa mwaka 1885. Waliokuja baada yake ndio waliojenga majumba ya fahari na kuifanya mali ipukutike. Watu hupenda kusimulia kuhusu hao wa mwisho, William Henry wanamruka.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1677 huko Uingereza, Sir Thomas Grosvenor alimwoa binti aliyeitwa Mary Davies, mrithi wa mashamba na malisho pembeni ya London. Malisho yale leo ni mitaa ya Mayfair na Belgravia, ambako ardhi ni ghali kama dhahabu. Mwaka 2016 mkuu wa ukoo huo alifariki, na kijana wake Hugh, aliyekuwa na miaka 25, akashika nafasi yake. Utajiri wa familia ulikadiriwa kuwa paundi bilioni 9 hivi. Kijana alikuwa na dada, tena wakubwa kwake, lakini cheo na usukani wa mali hufuata mtoto wa kiume. Uingereza inatoza kodi ya asilimia 40 juu ya mali ya marehemu inayovuka kiwango kilichowekwa, lakini sehemu kubwa ya utajiri wa ukoo huo imo katika amana zinazosimamiwa na wadhamini, si katika jina la mtu mmoja, kwa hiyo kifo cha mtu mmoja hakiupeleki wote mbele ya mtoza kodi. Zaidi ya miaka 300, jamani! Mlevi wetu yuko wapi hapo? Wanaojua kutunza mali hawamtegemei mtoto awe na akili. Wanawategemea wanasheria.

Ndiyo maana nimerudi kukisoma upya kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni, *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ndugu watatu wanafiwa na baba yao. Mali inagawanywa. Hasidi na Mwivu wanapoteza fungu lao, Adili analitunza lake. Wanaporudi mikono mitupu anawapokea, anawagawia tena. Wema huo ndio unaowaudhi, wanamfanyia ubaya, na mwisho wake wanageuzwa manyani.

Sina ugomvi na lugha ya kitabu hiki. Kijana anayetaka kujifunza jinsi sentensi ya Kiswahili inavyopumua, akisome. Ugomvi wangu ni na namna tulivyofundishwa kukisoma, na kwa kiasi fulani na kitabu chenyewe. Mwandishi anaanza na mgawanyo wa haki: ndugu watatu, mafungu matatu sawa. Hakuna anayependelewa, kwa hiyo tofauti yote inayotokea baadaye inakuwa tofauti ya tabia. Hata majina yameshahukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mtu aitwaye Mwivu atafanya nini zaidi ya kuona wivu? Hapo swali la mali linageuka swali la moyo, na kwa kuwa mioyo ya ndugu watatu inatosha kujaza kitabu, hatuulizi fungu la wale wasiokuwemo katika ugawaji. Duka lilikuwa na wachukuzi. Bidhaa zilipakiwa na watu. Hao hawarithi na hawageuzwi manyani. Wamebaki nje ya ukurasa kama utingo wangu.

Kwa haki ya Shaaban Robert, niseme jambo moja analolifanya ambalo sisi hatulifanyi. Adili, mwenye mali, anateseka. Kuwaadhibu nduguze kila usiku kunamuumiza. Utajiri wake haumpi usingizi. Sisi tumechukua fimbo tu kutoka kwake, majonzi tumeyaacha.

Sasa nihame kidogo kutoka kwenye ngano niende kwenye insha, maana yupo tajiri halisi aliyeandika kuhusu jambo hili. Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji kutoka Uskoti aliyetajirika kwa chuma cha pua huko Marekani, alichapisha mwaka 1889 insha kuhusu utajiri ambayo inasomwa mpaka leo. Hoja yake kwa ufupi ni hii: kuwaachia watoto mali nyingi mno ni kuwadhuru, serikali ifanye vizuri kutoza kodi kubwa juu ya mali ya tajiri aliyekufa, na tajiri mwenye busara aigawe mali yake kwa manufaa ya umma akiwa bado hai. Tena hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1901 kampuni yake iliuzwa kwa dola milioni 480, na mpaka anakufa mwaka 1919 alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 350. Maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake katika nchi mbalimbali.

Mara ya kwanza kuisoma hoja hiyo nilisimama kitini. Huyu ndiye! Mtu wa maktaba! Mwandishi gani chipukizi atamchukia mtu wa maktaba? Nilipoisoma mara ya pili, swali la fundi cherehani likanirudia. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, walikuwa katika mgogoro kuhusu ujira na chama chao. Carnegie mwenyewe alikuwa Uskoti, na msimamizi wake Henry Clay Frick akaleta walinzi wa kukodi wa Pinkerton. Wakapigana, watu wakafa pande zote mbili, na chama kikavunjwa. Hiyo ni miaka mitatu tu baada ya insha.

Basi hebu tuihakiki insha kama tunavyohakiki hadithi. Mhusika mkuu ni nani? Ni tajiri. Mhusika wa pili? Mtoto wa tajiri, ambaye inabidi aokolewe asiharibike. Umma unakuja mwisho, umenyoosha mikono kupokea. Mfuachuma wa Homestead, ambaye kama angelipwa zaidi angenunua vitabu vyake mwenyewe, hana sauti humo. Carnegie anakataa kumpa mtoto ufalme, hilo ni jambo kubwa na namheshimu kwalo. Lakini uamuzi wa nani apewe nini na lini ameushika yeye. Mtoto hakurithi, sawa. Mfanyakazi naye hakuulizwa.

Na mkono unaotoa ndio unaoamua mlango ufunguliwe kwa nani. Nairobi ipo maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo, lililofunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa kwa mali ya tajiri, kwa juhudi za mjane wake, kama kumbukumbu. Ni jambo jema, sivyo? Isipokuwa kwa zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mali iliondoka mikononi mwa familia ikaenda kwa "umma", lakini umma ule ulikuwa na rangi yake.

Hata matajiri wa siku zetu hawajaufungua mkono huo. Warren Buffett alisema tangu zamani kwamba hataki kuwaachia watoto wake mali yote, mwaka 2006 akatangaza kugawa sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 2010 yeye na akina Gates wakaanzisha ahadi ya matajiri kutoa angalau nusu ya mali yao. Mwaka 2024 akaeleza kwamba kitakachobaki baada ya kifo chake kitawekwa katika amana ya hisani, na wasimamizi watakuwa watoto wake watatu. Hawatakula mali ile, hilo kweli. Wamerithi kijiko cha kupakulia.

Hapo msomaji wangu wa pwani ataniuliza: mbona unazunguka Marekani na Uingereza, kwani kwetu hakuna jibu? Lipo, na ni la zamani kuliko Carnegie. Katika mirathi ya Kiislamu, tajiri hana ruhusa ya kuamka asubuhi akamnyima mtoto wake. Mafungu yamekwisha kuwekwa: wazazi, mume au mke, wana na mabinti, ingawa fungu la binti ni nusu ya la mwana, na hilo ni mjadala wake peke yake. Anachoweza kuusia nje ya warithi ni thuluthi tu. Inasimuliwa kwamba Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa alitaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, na Mtume akamzuia, akamruhusu thuluthi, tena akamwambia hata hiyo ni nyingi, kwani ni bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiomba. Ndugu zangu, hii ni hoja nzito dhidi ya Carnegie. Inasema ukarimu kwa wageni usiwe kisingizio cha kuwatupa walio wako. Na kwa kuwa mali inagawanywa kwa wengi, ni vigumu ukoo mmoja kuushika mtaa mzima kwa karne tatu kupitia mtoto mmoja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu la pili, na hili sikuwaambia wanakikundi. Babu yangu aliacha nyumba Tanga, vyumba sita, bati limeshika kutu. Warithi tisa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka vikao vya familia, chai inapoa, shangazi analia, ba'mdogo anatishia kwenda mahakamani. Mwisho baba alipata chumba kimoja cha uani. Alikipangisha kwa muuza mkaa. Kodi ya chumba kile ndiyo iliyolipa ada yangu ya sekondari, na bila sekondari hiyo nisingeandika "Mali Bila Daftari" wala nisingeandika makala hii. Mimi niliyempiga mrithi nikamlaza mtaroni, mimi mwenyewe ni mrithi.

Kwa hiyo sitasimama hapa niseme urithi ni haramu. Anayesema hivyo kwa ujumla anamwumiza mjane wa uswahilini kabla hajamgusa tajiri wa ghorofa. Mjane ambaye shemeji zake wanakuja na kufuli siku ya arobaini, urithi ndio ngao yake. Chumba cha uani ni mahali pa kuanzia. Mabasi thelathini ni kitu kingine. Atakayerithi mabasi thelathini anarithi pia asubuhi za watu sitini au mia: nani atapanda basi leo, nani ashuke na begi lake. Huwezi kumrithisha mtoto wako watu. Hapo ndipo ninapouchora mstari. Tajiri mkubwa amwachie mtoto shule, nyumba, na kitu cha kuanzia. Kilichobaki kirudi kilikotoka, kwa wale waliokichuma pamoja naye na kwa umma, tena kwa sheria iliyopitishwa mchana kweupe, isiwe hisani ambayo mtoaji akibadili mawazo inakwisha. Najua nimeingia kwenye ubishi na fungu la dini na fungu la mila, na sitajifanya kwamba mstari wangu hauwagusi. Unawagusa. Tubishane.

Lakini ninyi mnaandika, hamtungi sheria, kwa hiyo nirudi kwenye kalamu. Zipo kazi mbili zinazotufundisha kutoka kwa yule mlevi. Ya kwanza ni *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Matajiri wa Pate wamekwisha, majumba yao yamebaki magofu, popo wamehamia. Angalia kwamba hakuna mtoto mpotevu anayelaumiwa. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, anauuliza umedanganyika nini. Hiyo ndiyo nafsi ya kwanza yenye maana. Hata hivyo humo nako, watumishi waliowapepea matajiri wanapita kwa haraka, na magofu hayasemi walikwenda wapi nyumba zilipoanguka. Hadithi hiyo haijaandikwa. Yupo kati yenu atakayeiandika?

Ya pili ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Mashetani*, ya mwaka 1971. Kitaru na Juma ni vijana, marafiki. Ukoo wa Juma ulikuwa na mali kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, ukaipoteza. Familia ya Kitaru inapanda. Hakuna kati yao aliyechuma na hakuna aliyechezea. Mmoja amerithi hasira, mwingine amerithi ndoto zinazomtoa jasho. Mwandishi ameona kwamba baba haachi nyumba tupu. Anaacha pia namna nyumba ile ilivyopatikana. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi ambayo mwanasheria hawezi kuifanya.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Sasa inaanza asubuhi ya siku ya pili baada ya maziko. Utingo amefika stendi saa kumi na moja kama alivyofika miaka kumi na tano, ananing'inia mlangoni, anaita abiria wa Korogwe. Mrithi yumo ndani ya gari dogo ng'ambo ya barabara. Hakulewa. Ni kijana mpole, msomi, ana daftari na kalamu, anahesabu mabasi. Utingo anaiona ile kalamu inavyokwenda, naye hajui kama yumo katika hesabu.

Niliisoma Jumamosi iliyopita. Makofi yalikuwa machache. Fundi cherehani alisema bado sijampa utingo jina, na ni kweli, nilikuwa sijampa. Nitampa.

Waandishi wenzangu, nangoja miswada yenu kuhusu jambo hili, na wanaonipinga waje kwa wingi. Ila nawaombeni kitu kimoja tu: msiniletee mlevi mwingine.